Kabla ya Mikono Kushikana

Nilichokiona kwanza ni viatu. Wanawake watatu waliingia nyumbani kwetu Garissa asubuhi ile, na kila mmoja alivua viatu vyake mlangoni kisha akavigeuza, ncha zikaelekea nje. Mgeni aliyekuja kukaa huviacha vilivyo. Hawa walikuwa wameshajiandaa kuondoka kabla hawajaketi.

Mimi nilikuwa kwenye cherehani nikishona marinda ya shule, pini zimejaa mdomoni. Eedo Ebla, dada ya baba, ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki na mimi nikaacha shule darasa la sita. Alisimama mbele ya cherehani, wageni watatu nyuma yake, akasema kwa sauti ambayo si ya kila siku:

"Deka, Abdisamad mwana wa Alio wa Hulugho amekuposa. Baba yako ameridhika. Wewe je, mwanangu?"

Niliinama nikaanza kuzitoa pini moja moja. Mimi watu wakinitazama, hata jina langu hunipotea. Sijafikisha pini ya pili kwenye kijimto chake, mmoja wa wale wageni akapiga kigelegele.

"Amenyamaza! Mashallah, amenyamaza!"

"Na uso ameinamisha," alisema mwenzake. "Huyu kalelewa."

Kwetu msichana ambaye hajaolewa akiulizwa juu ya mume na akakaa kimya, kimya chake ni ndiyo. Ndivyo dini ilivyotufundisha, na ni huruma pia, maana haya huweza kumfunga msichana ulimi kwa jambo analolitaka mwenyewe. Lakini hakuna aliyewahi kutuambia kimya hicho kiwe kirefu kiasi gani, wala kama mwenye pini mdomoni naye anahesabiwa.

Nilipomaliza kuzitoa, walikuwa wameshavaa viatu.

Siku ile sikusema. Siku iliyofuata nilimfuata eedo jikoni, nikafungua mdomo, naye akaniambia nimletee chumvi. Nikaleta chumvi. Jioni akampa dereva wa lori la ng'ombe salamu za kumpelekea baba, anayekaa kule Hulugho: ameulizwa, amenyamaza. Simu haikufaa. Mnara wa Hulugho ulikuwa umezimika, na ukipiga ulisikia mlio mmoja tu kisha kimya.

Abdisamad sikumjua kwa ubaya. Nilimwona mara moja sokoni akinunua kamba, akamwachia mzee mmoja nafasi kwenye kivuli. Wala sikuwa na mwingine moyoni. Sikutaka tu, na nilijua sitaki, kama mtu anavyojua chai haina sukari kabla hajaambiwa na mtu.

Alhamisi jioni lori lilirudi na jibu. Nikaha itafungwa kesho Hulugho baada ya swala ya Ijumaa. Baba na Abdisamad watashikana mikono mbele ya sheikh na mashahidi, na basi. Kwetu bibi harusi si lazima awepo. Angeweza kuwa Garissa anashona rinda.

Usiku ule nilimwambia Ruqiya, mke wa kaka yangu Abdinasir. Kaka ni bodaboda, na wiki ile alikuwa matangani Wajir. Pikipiki yake ilikuwa uani chini ya turubai. Ruqiya ni mtu wa maneno mengi, lakini alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mbona humwambii eedo?"

Sikujibu.

"Unaona? Hata mimi unaninyamazia. Nami niseme nimekuoa?" Alicheka peke yake, kisha akaacha kucheka. "Gari la Hulugho lipo?"

"Magari yamekwama, lile lori ndilo la mwisho kupita. Mvua kule chini haijakatika. Mpaka Jumapili, wanasema."

Ruqiya akaingia ndani akarudi na ufunguo wa pikipiki.

Pikipiki nilikuwa naijua. Kaka alinifundisha nyuma ya uwanja, na wakati mwingine nilipeleka nguo kwa wateja mitaa ya jirani, uso nimeufunika wasinitambue. Lakini Hulugho ni safari ya siku nzima kwa gari zuri, na njia ile wanaume wenyewe huenda wawili wawili.

Baada ya alfajiri Ruqiya alinivisha. Suruali mbili chini ya dera, koti la kaka, na chini ya koti karatasi la mfuko wa simenti likanifunika kifua, kama wanavyofanya mabodaboda. Mikononi alinivisha soksi. Watu wa mbali hudhani kwetu hakuna baridi. Waje wakati wa hagaa, upepo ukitoka baharini na manyunyu, kisha wapande pikipiki wakiwa wamelowa.

"Eedo akiuliza?" nilisema.

"Nitanyamaza," alisema Ruqiya. "Aone inavyouma."

Mpaka Bura nilikwenda vizuri. Upepo ulinipiga ubavuni, lakini karatasi la simenti lilizuia. Niliwaza jambo moja tu: swala ya Ijumaa. Nikifika kabla hawajashikana mikono, neno langu moja linatosha. Nikifika baada ya hapo nitakuwa mke wa mtu, na kutoka ni kwa talaka, na talaka hujadiliwa na wazee miezi.

Mbele ya Bura manyunyu yalianza. Si mvua ya kukimbia. Ni ile ndogo inayoingia kwenye kola na kushuka taratibu mgongoni. Soksi zililowa. Vidole vikaanza kuuma, kisha vikaacha kuuma, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu sikujua tena kama nimeshika klachi au sijashika. Nilikuwa naangalia mkono wangu kwa macho kuona unafanya nini.

Karibu na Masalani kulikuwa na kizuizi cha askari. Miba, pipa, na mmoja aliyejifunika koti la mvua.

"Simama hapo! Zima! Mikono juu!"

Nilizima. Pikipiki ililala upande na mimi nikabaki nimesimama, mikono yenye soksi juu.

"Unatoka wapi? Unaenda wapi?"

Ulimi haukunyanyuka. Ndani ya helmeti na shungi macho yangu tu ndiyo yaliyoonekana.

"Nakuuliza mara ya pili. Huku mtu akinyamaza, mimi najua ana jambo." Alishusha bunduki begani, akaishika kwa mikono miwili.

Nikafikiri: kwetu nikinyamaza nimekubali, hapa nikinyamaza nimekuwa adui. Nikavua helmeti.

"Hulugho," nilisema.

"Wee! Ni msichana!" Aligeuka kumwita mwenzake, mtu mzima mwenye mvi kwenye masharubu, aliyekuwa akiota moto chini ya bati. "Afande, njoo uone." Kisha kwangu: "Kufanya nini Hulugho?"

"Harusi."

"Ya nani?"

"Yangu."

Walitazamana, wakacheka mpaka yule mdogo akajipiga paja.

"Bibi harusi anajipeleka mwenyewe! Na bwana harusi hana hata gari ya kukopa?"

"Naenda kukataa," nilisema.

Lilitoka hivyohivyo. Kiswahili kwangu ni lugha ya soko na ofisi. Nikikisema, ni kama anayesema ni mtu mwingine, na huyo mtu hana haya sana. Yule wa masharubu aliacha kucheka.

"Kukataa mume? Uko na nani?"

"Beke yangu."

"Peke yako. Na unajua tangu jana hakuna gari limepita hapa kutoka huko?"

"Ndiyo. Hakuna gari, ndiyo mimi nakuja na bikibiki."

"Na nini?" aliuliza yule mdogo, mdomo umemcheza.

"Bikibiki."

"Haya, bikibiki." Lakini alisema bila ubaya, na akainua pikipiki yangu mwenyewe. Yule mkubwa alinishikisha kikombe cha chai. Sikuweza kukishika, akakishika yeye nikanywa kama mtoto. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Sikiliza, dada. Mbele ya Ijara ukiona mchanga wa barabarani umechimbwa upya, usikanyage, wanafukia mabomu. Ukiona mtu anakupungia mkono, usisimame. Hata akiwa mama. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mungu akutangulie."

Nilipita Ijara nikitazama ardhi tu. Udongo pale ni mweusi, na ukilowa hushika gurudumu kama ugali. Nilianguka mara ya kwanza, nikanyanyuka. Nilianguka tena na ekzosi ikanigusa mguu, na niseme kweli, kwa muda mfupi ule moto ulinifurahisha.

Kisha nikauona mchanga. Katikati ya njia, duara dogo lililochimbwa na kufukiwa, rangi yake tofauti na kwingine. Nilishika breki mbele yake, kama urefu wa chumba. Kulia kulikuwa na maji, kushoto kichaka cha miba. Upepo ulivuma, na hapakuwa na sauti nyingine duniani ila injini yangu. Inawezekana ni mnyama aliyechimba. Inawezekana ni gari lililokwama wakajaza. Nilisoma Ayatul Kursi mpaka nikasahau nimefika wapi nikaanza upya, kisha nikaingiza pikipiki kwenye miba. Dera lilichanika, mwiba ukaniingia begani. Nilikuwa naisukuma na kuiendesha kwa pamoja, nikiangalia lile duara mpaka lilipobaki nyuma yangu. Mpaka leo sijui kilikuwa nini.

Kwenye laga, ule mkondo unaojaa wakati wa mvua tu, maji yalikuwa yanapita. Si mengi, magotini. Nilifikiri nitavuka. Katikati injini ilikohoa na kuzimika.

Niliisukuma mpaka ng'ambo. Maji yale yalikuwa ya baridi kuliko mvua. Nilipotoka miguu haikuwa yangu. Kaka huitoa plagi na kuikausha, nilikuwa nimemwona. Lakini vidole havikuweza kushika spana. Nilivitia mdomoni kimoja kimoja, nikavitia kwapani, nikavisugua kwenye nywele. Nikalia kidogo. Hapo ndipo niliposikia, mbali sana, adhana. Ilitoka Sangailu. Adhana ya Ijumaa.

Wataswali sasa, nikasema moyoni. Wakimaliza, watashikana mikono.

Plagi ilitoka nilipoishika spana kwa viganja viwili. Niliikausha kwa nguo ya ndani, ndiyo pekee iliyokuwa kavu. Nilipiga stata kwa mguu mpaka goti likakataa, nikabadilisha mguu. Ikawaka. Sikumshukuru Mungu kwa sauti, meno yalikuwa yanagongana mno.

Kutoka Sangailu sikumbuki njia vizuri. Nakumbuka twiga wawili wamesimama mvuani wakinitazama. Nakumbuka nilikuwa nafanya mazoezi ya neno moja. *Maya.* Ndilo neno letu la kukataa, Kisomali, silabi mbili. Nililisema ndani ya helmeti kila nilipopita mti mkubwa. Ilikuja wakati taya likawa gumu, na nikawa nalisema kwa akili tu.

Swala ilikuwa imekwisha zamani nilipoingia Hulugho. Watoto walinikimbilia. Mbele ya nyumba ya mzee Alio kulikuwa na turubai, na wanawake wakipuliza moto chini ya masufuria makubwa, macho mekundu kwa moshi. Mmoja alinitazama nikishuka, matope mpaka kifuani.

"Na huyu ni wa nani?"

Nilionyesha turubai. Sikuweza kusema.

"Wanaume? Bado hawajala. Kuni zimelowa, wali hauivi, na Sheikh Bare amesema hafungi ndoa watu wakiwa na njaa." Kisha akaona helmeti ikitoka na uso wangu. "Ya Allah. Si Deka binti Hirsi huyu?"

Lakini kutoka ndani nilimsikia sheikh akikohoa na kusema basi, jua linaenda, tufunge kisha tutakula. Nilipita katikati ya masufuria. Mwanamke alinishika nguo, ikamtoka mkononi. Niliinua pazia la turubai.

Wanaume walikuwa wameketi mikekani, wengi. Katikati baba yangu, kanzu nyeupe, ndevu amezitia hina. Mbele yake Abdisamad, magoti yao yanagusana. Mikono yao ya kulia ilikuwa inaelekeana. Sheikh Bare alikuwa ameshika kitambaa cheupe juu yake tayari kuifunika.

Baba aliniona kwanza. Mkono wake ulibaki hewani.

"Deka?"

Maji yalikuwa yananidondoka kwenye mkeka. Nilifungua mdomo kusema *maya*, na taya halikufunguka. Meno yaligongana, midomo ilikuwa mti. Nilijaribu tena. Ilitoka pumzi tu.

Mzee mmoja upande wa Alio alicheka kwa upole. "Binti amekuja mwenyewe! Baridi yote hii! Anamtaka huyu kijana."

"Labda amekuja kutoa idhini," mwingine alisema. "Sheikh, muulize tena mbele yetu, iwe safi kabisa."

Sheikh Bare alinigeukia. Ni mtu mwema, macho yake hayaoni vizuri. "Binti yangu, baba yako anakuoza kwa Abdisamad mwana wa Alio. Umeridhia?"

Nikanyamaza. Wallahi nilikuwa napiga kelele ndani, na nje nilikuwa nimenyamaza. Nilimwona sheikh akianza kutikisa kichwa, kile kichwa cha ndiyo. Nilimwona mzee akigeuka kwa mwenzake, na midomo yake ikianza kuumba neno la mashallah. Nje mwanamke mmoja alivuta pumzi ya kigelegele. Nilitafuta lile neno letu, nikalikosa. Kilichokuwa karibu na ulimi ni kile Kiswahili nilichokisema asubuhi kizuizini.

"Sitaki!" nilisema.

Kwa Kiswahili.

"Amesema nini?" aliuliza sheikh.

"Amesema hataki," alijibu mtu nyuma.

"Mbona anakataa kiserikali?" aliuliza yule mzee, amechukia kweli. "Hapa ni kwa chifu?"

Baadhi walicheka, kisha wakaona uso wa baba wakaacha. Mzee mwingine akasema Kiswahili si lugha ya nikaha, msichana amechanganyikiwa kwa baridi, aulizwe vizuri akishaota moto. Sheikh Bare alikunja kile kitambaa cheupe. Alikikunja mara mbili, akakiweka mfukoni.

"Allah anasikia lugha zote," alisema. "Hapana ni hapana."

Abdisamad ndiye aliyeondoa mkono wake. Hakunitazama. Aliurudisha gotini polepole, masikio yamemwiva, akasema, "Mleteeni chai kwanza huyu. Atakufa." Akasimama akatoka nje mvuani. Nilimwonea huruma na sikuwa na la kumfanyia.

Baba alinichukua kwa mkono. Hatukupita kwa wanawake. Alinizungusha nyuma ya nyumba, mpaka kibanda cha kuwekea majani ya ndama. Alivua shuka lake la begani akanifunika, akafunika tena kwa gunia. Mtu alileta chai na akaondoka haraka. Baba alichuchumaa mbele yangu. Hina ya ndevu ilikuwa imelowa, na alionekana mzee kuliko nilivyomwacha.

"Umetoka Garissa juu ya kitu kile?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Peke yako. Kwenye njia ile." Alisugua uso kwa viganja. "Deka, mimi nimeaibika leo mbele ya watu wote wa Hulugho. Hilo nitalibeba. Lakini niambie jambo moja. Kijana ana kosa gani?"

"Hana kosa."

"Basi kuna mwingine?"

"Hakuna, aabo."

"Ulikuwa na siku zote hizo. Kwa nini hukuniletea neno? Hata kwa dereva. Ungesema tu, aabo, mimi hapana. Ningekuua?"

Chai ilikuwa inanirudishia midomo. Nilitazama mikono yake. Sijawahi kuona mikono hiyo ikimpiga mtu, hata ng'ombe. Mwaka wa mwisho wa shule alikuja mpaka darasani kunichukua siku mama alipofariki, akasimama mlangoni, hakusema chochote, na mimi nikakusanya vitabu vyangu nikamfuata, na sikuuliza kama nitarudi. Tangu siku hiyo akiniangalia mimi huinama.

"Sijakupiga hata siku moja," alisema baba, na sauti yake ilikuwa inauliza. "Nimekukaripia lini?"

Safari hii neno la lugha yetu lilikuja. Taya lilikuwa limelainika, na hapakuwa na mtu mwingine.

"Hujanipiga, aabo," nilimwambia. "Hujanikaripia. Lakini mimi nakuogopa. Nakuogopa tangu nilipokuwa mdogo, na nakupenda, na sijui nifanye nini na hayo mawili."